Kifaa cha usikivu kimeshapandikizwa, waya atanunua nani?

Ndugu Mhariri,

Kila awamu ya kupandikiza watoto vifaa vya usikivu inapokamilika, magazeti yetu, lako likiwemo, hutoa picha ya siku kifaa kinapowashwa: mtoto anashtuka, anamtazama mama yake, mama machozi yanamtoka. Furaha ile ni halali kabisa. Lakini habari ikiishia hapo, msomaji anabaki akiamini mtoto amepona uziwi, na mzazi anayesubiri zamu anauza ng'ombe na shamba akidhani kikwazo ni fedha ya upasuaji peke yake. Tunaomba nafasi tueleze yanayoitangulia siku ile na yanayoifuata, maana huko ndiko watoto wengi wanakopotelea.

Sikio la ndani lina koklea, mfereji uliojiviringa mithili ya konokono ndani ya mfupa mgumu wa fuvu. Humo mna seli zenye vinywele, na zile zinazopeleka sauti kwenye ubongo ni kama 3,500 tu kwa kila sikio. Zikifa hazioti tena. Shimesikio, kile kifaa cha kawaida kinachovaliwa sikioni bila upasuaji, hukuza sauti, kwa hiyo humsaidia mtoto ambaye bado ana seli za kutosha. Ambaye seli zake zimekwisha, hata umkuzie sauti kiasi gani, hakuna wa kuipokea. Kifaa cha kupandikizwa kinaziruka seli hizo na kupeleka umeme mdogo moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu. Kina sehemu mbili. Nje kuna prosesa inayokaa nyuma ya sikio, yenye maikrofoni na betri, ikiunganishwa kwa waya mwembamba na koili yenye sumaku inayonata kichwani. Ndani, chini ya ngozi, kuna kipokezi chenye sumaku yake na uzi laini wa elektrodi, yaani vituo vidogo vya kutolea umeme, unaoingizwa kwenye koklea. Idadi ya elektrodi hutofautiana kwa mtengenezaji, nyingi zikiwa kati ya 12 na 22.

Kipokezi cha ndani hakina betri. Umeme na taarifa vyote hupita kwenye ngozi kutoka kwenye koili. Maana yake prosesa ikivuliwa, ikilowa au waya wake ukikatika, mtoto yule yule aliyeonekana kwenye picha ni kiziwi kama alivyokuwa kabla ya upasuaji. Tena elektrodi 22 zinafanya kazi ya seli 3,500, kwa hiyo sauti anayoipata si ile tunayoisikia sisi. Ubongo lazima ufundishwe kuielewa, na hilo halifanyiki chumba cha upasuaji.

Teknolojia yenyewe si ya majaribio. Watafiti Djourno na Eyriès walisisimua mshipa wa usikivu wa mtu kwa umeme jijini Paris mwaka 1957, vifaa vyenye elektrodi nyingi vikapandikizwa Vienna mwaka 1977 na Melbourne mwaka 1978, na Marekani ikaidhinisha matumizi kwa watoto kuanzia miaka 2 mwaka 1990. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma hii Juni 2017. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakipelekwa India kwa gharama inayozidi mara mbili ya ile ya hapa. Hiyo ni hatua kubwa, na tunaandika ili isipotee bure.

Jambo la kwanza ni umri. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hupata faida kubwa zaidi akipandikizwa akiwa na mwaka mmoja au miwili. Hadi kama miaka mitatu na nusu ubongo bado uko tayari kupokea sauti. Baada ya miaka 7 bila kusikia chochote, sehemu ya ubongo ya kusikia imekwisha kuchukuliwa na kazi nyingine, na matumaini ya kuzungumza kwa ufasaha yanakuwa madogo sana. Mtu aliyewahi kusikia na kuzungumza kisha akapoteza usikivu ni habari tofauti, huyo hata akiwa mtu mzima hufaidika. Kwa hiyo daktari anapomwambia mzazi wa mtoto wa miaka 9 aliyezaliwa kiziwi kwamba upasuaji haumfai, hamnyimi haki. Anamwepusha na kisu na deni.

Sasa linganisheni hilo na hali ya kliniki zetu. Kanuni inayofuatwa kimataifa ni moja, tatu, sita: mtoto apimwe usikivu kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Kwetu mtoto hupimwa uzito kila mwezi na sikio haliulizwi. Mzazi akishtuka, ndugu humtuliza: baba yake naye alichelewa kuongea, atafunguka tu. Mwaka unapita, wa pili unapita.

Na dalili zinadanganya. Mtoto kiziwi hulia, hucheka na hutoa sauti za kitoto kama wenzake miezi ya mwanzo; sauti hizo huanza kupungua pale wenzake wanapoanza kusema “bababa” na “mamama”, karibu na miezi 6 hadi 9. Mzazi akipiga makofi nyuma ya mtoto, mtoto anageuka, wote wanafurahi. Kumbe amehisi upepo wa mikono, ameona kivuli ukutani, au mlango uliobamizwa umetetemesha sakafu. Jaribio la nyumbani lenye maana kidogo ni hili: simama pembeni na nyuma yake pasipo kivuli, mtu mwingine amshughulishe kwa mbele bila kelele, kisha toa sauti ndogo ya “sss”, halafu uite jina lake kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka mara kadhaa, siku tofauti, mpelekeni apimwe. Mtoto wa mwaka mmoja asiyeitika jina lake, wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno hata moja, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, hao wasisubiri kufunguka.

Kipimo cha mwanzo hakiumi. Kijibomba laini huwekwa sikioni mtoto akiwa amelala au ananyonya, mashine inatoa sauti na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye koklea. Ni dakika chache. Saa 24 za mwanzo mara nyingi sikio huwa na uchafu wa uzazi na mtoto hufeli bure, ndiyo maana hurudiwa. Kuna mtego mmoja ambao wahudumu wa wodi za vichanga wanapaswa kuujua: mtoto aliyekuwa na manjano kali au aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kufaulu kipimo hicho ilhali hasikii, kwa sababu koklea yake ni nzima na hitilafu iko kwenye mshipa wa fahamu. Huyo apimwe kwa waya za kichwani zinazosoma mwitikio wa shina la ubongo.

Katika visababishi, kimoja kinahitaji mbio. Homa ya uti wa mgongo ikiua usikivu, koklea inaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache tu, na ikishajaa uzi wa elektrodi hauna pa kupita. Kila mtoto aliyelazwa kwa homa hiyo apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, na akionekana hasikii apewe picha ya haraka na nafasi ya mbele kwenye foleni. Kumwambia mzazi arudi baada ya miezi sita ni kumfungia mtoto mlango. Visababishi vingine vinajulikana na vingi vinazuilika: rubela kwa mama mwanzoni mwa ujauzito, surua, matubwitubwi, sindano za antibiotiki iitwayo gentamisini zinazotolewa kwa dozi kubwa au kwa muda mrefu bila ufuatiliaji. Chanjo ya surua na rubela ipo nchini tangu mwaka 2014. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni ungeweza kuzuiwa.

Kabla ya upasuaji mtoto hujaribiwa shimesikio zenye nguvu kwa miezi mitatu hadi sita, ila yule wa homa ya uti wa mgongo. Hufanyiwa picha za CT (eksirei ya tabaka) na MRI (mashine ya sumaku kali) kuona kama koklea ipo, imekaa sawa na mshipa wa fahamu upo, kwani kuna watoto wanaozaliwa bila mshipa huo. Chanjo ya nimonia nayo ni ya lazima, kwa kuwa aliyepandikizwa ana hatari kubwa zaidi ya kupata homa ya uti wa mgongo. Kadi ya kliniki ioneshe zile dozi za wiki ya 6, 10 na 14, na nyongeza zitolewe angalau wiki mbili kabla ya upasuaji.

Upasuaji wenyewe huchukua saa mbili hadi tatu kwa sikio moja. Daktari bingwa hukata nyuma ya sikio, huchimba mfupa, hupita karibu kabisa na mshipa wa fahamu wa uso akiwa na mashine inayomwonya, kisha huingiza elektrodi polepole na kuzipima kabla ya kushona. Mtoto hutoka baada ya siku moja au mbili. Uvimbe unaokua, wekundu, usaha au maji maangavu yanayochuruzika puani ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kuwasha hufanyika wiki tatu au nne baadaye, na hapo kazi inaanza. Kwa kila elektrodi mtaalamu hutafuta viwango viwili: umeme mdogo kabisa ambao mtoto anauhisi, na mkubwa kabisa ambao haumkeri. Huanza chini na kupandisha wiki kwa wiki. Akiuweka juu mno mtoto anakichukia kifaa na kukitupa. Akiuweka chini mno anasikia vishindo bila kuelewa neno. Mzazi akiona jicho la mtoto linapepesa au shavu linacheza kila sauti inapotokea, amweleze mtaalamu, kwani umeme unagusa mshipa wa uso na elektrodi husika inaweza kuzimwa bila upasuaji. Mwaka wa kwanza safari za kurekebisha si chini ya sita. Kwa anayeishi Kigoma, Rukwa au Mtwara, hizo ni nauli za watu wawili na malazi, mara sita. Kazi hii inaweza kufanywa kwa mbali kwa kompyuta, intaneti na kiunganishi kilichowekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, mtaalamu akiwa Dar es Salaam. Tunaomba Wizara ianze na kanda mbili tu.

Sasa vipuri, ambavyo havimo kwenye picha. Kitu kinachokatika kuliko vyote ni ule waya wa koili, hasa pale unapoingia kwenye prosesa, kwa sababu mtoto anauvuta. Kifaa kikinyamaza, badilisha kitu kimoja kimoja kwa mpangilio huu: betri, waya, koili, mwisho prosesa. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichoharibika, na utapeleka kizima kutengenezwa. Bila waya wa akiba nyumbani, mtoto anakaa kimya wiki nzima au mwezi, na yale aliyojifunza yanarudi nyuma.

Joto na jasho la pwani ni adui wa pili. Ukiona ukungu wa kijani kwenye vishikizo vya betri, unyevu umeshaingia. Kila usiku prosesa itolewe betri na iwekwe kwenye kopo la kukaushia lenye chembe za silika, kifuniko kikazwe. Chembe zikibadilika rangi, zimekwisha, zibadilishwe. Usiianike juani wala kuiweka juu ya jiko. Kifuniko kidogo cha maikrofoni nacho huziba kwa vumbi na mafuta ya nywele, na mtoto huanza kupoteza sauti nyembamba bila mtu kujua.

Betri za kuchaji hazitoshi siku mbili, kwa hiyo umeme ukikatika usiku, kesho yake hakuna shule ya maana. Wanaotumia betri ndogo za duara namba 675 wajue kwamba zipo za shimesikio na zipo za vifaa vya kupandikizwa. Namba ni ile ile, lakini za shimesikio hazitoi umeme wa kutosha na sauti hukatikakatika. Ukibandua karatasi yake, isubiri dakika chache ivute hewa kabla ya kuiweka. Betri ikimezwa ni dharura, mtoto apelekwe hospitali mara moja. Usisubiri itoke chooni.

Mambo mengine ni madogo lakini humvua mtoto kifaa kila siku. Msichana akisukwa, pale penye sumaku pasipitishwe mtindo mnene, ama sivyo koili inadondoka kila akikimbia. Anayevaa ushungi, kitambaa kikisugua maikrofoni anasikia mkwaruzo tu. Mtaalamu aombwe kibanio cha kuvaa prosesa kifuani juu ya nguo. Sumaku ikiwa kali mno ngozi huwa nyekundu na kuuma. Hubadilishwa kwa yenye nguvu ndogo, haivumiliwi. Na mtoto atembee na kadi ya kifaa chake, kwa kuwa kabla ya kipimo chochote cha MRI, na kabla ya upasuaji mwingine unaotumia kisu cha umeme, daktari lazima ajue.

Kwa hiyo tunapendekeza mkataba wa ununuzi usihesabu kifaa tu. Kila mtoto atoke hospitali na waya mbili za akiba, koili moja, seti mbili za betri za kuchaji, kopo la kukaushia na chembe za mwaka, na fungu la vipuri kwa miaka mitano litengwe kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Prosesa yenyewe itahitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, ilhali cha ndani kimekusudiwa kudumu maisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu mwaka 2023. Tunaomba waya na betri vitajwe humo kwa majina.

Nyumbani, kifaa kivaliwe angalau saa 10 kwa siku. Kila asubuhi mzazi asimame nyuma ya mtoto hatua moja, kisha hatua tatu, atamke sauti sita bila kuonesha mdomo: m, u, i, a, sh, s. Kati ya ile nzito ya m na nyembamba ya s imo karibu mapana yote ya maneno yetu. Mtoto mkubwa anarudia, mdogo anatumbukiza kizibo kikombeni kila akisikia. Jana alisikia s na leo hasikii? Kagua maikrofoni kwanza. Katika kumfundisha maneno anza na yanayotofautiana urefu, “bata” na “kinyonga”, kisha yanayolingana, ndipo ufike kwenye yanayokaribiana kama “pata” na “bata”, “fua” na “vua”. Vianzio vya maneno yetu ni vifupi na havibebi mkazo, hivyo “anacheza” na “wanacheza” humchanganya kwa muda mrefu. Vifundishwe ndani ya sentensi kamili, wakati wa kuoga, kupika na kutandika kitanda. Usimpigie kelele, msogelee. Zima redio. Shuleni akae mstari wa mbele, mbali na dirisha la barabarani, na mwalimu asiongee akiwa ameupa darasa mgongo.

Liko jambo ambalo baadhi ya wenzetu katika fani hulikwepa: lugha ya alama. Kuna wazazi wanaoambiwa waache alama zote ili mtoto alazimike kuzungumza. Hatukubaliani na ushauri huo. Mtoto anasubiri zamu mwaka mzima au zaidi, kisha anajifunza kusikia miaka mingine. Akikaa muda wote huo bila lugha yoyote, akili yake inakosa cha kushika. Kifaa kinavuliwa akioga, akilala, waya ukikatika. Na wapo ambao, pamoja na juhudi zote, hawatafika kwenye mazungumzo. Shule kama za viziwi za Buguruni na Tabora na chama cha viziwi, CHAVITA, wana ujuzi ambao hospitali haina, na mzazi aelekezwe kwao tangu siku ya majibu ya kipimo.

Awamu nyingine itakapotangazwa, tunaomba waandishi wako wasiulize idadi ya waliopasuliwa tu. Waulize watoto wa awamu zilizopita wangapi bado wanavaa kifaa, kwa saa ngapi kwa siku, na wangapi wanasubiri waya. Saa za kuvaa si siri: prosesa nyingi za sasa huzirekodi zenyewe, na mtaalamu huzisoma kwenye kompyuta mtoto anapofika kliniki.

Wataalamu wa usikivu na matamshi ya watoto,
Dar es Salaam